Neno la asubuhi linalofika jioni: namna ya kuandaa ujumbe wa kutia moyo kila siku

Waebrania 3:13 inatuagiza tuonyane kila siku, "maadamu iitwapo leo". Mwandishi angeweza kusema "kila mnapokusanyika", lakini alijua kwamba moyo haufanyiki mgumu kwa siku moja. Unakauka kidogo kidogo: kazini, njiani, nyumbani usiku wengine wakishalala, mahali ambapo hakuna mhubiri wala kwaya. Ndiyo maana wengi wenu mnaoongoza seli, vikundi vya maombi, idara za vijana au timu za watumishi mmejitwika kazi ya kutuma neno kila alfajiri. Ni kazi njema, na inachosha. Naandika kwa ajili yenu: jinsi ya kulichagua neno, kulipima, kuliandika na kulifikisha, na kwa nini maneno mengi mazuri yanayotumwa saa kumi na mbili asubuhi huwa yamekwisha nguvu kufikia saa nne.

Sababu kubwa naitaja mapema. Tunatuma mistari iliyong'olewa anwani. Kila neno la faraja katika Biblia lilisemwa kwa watu fulani waliokuwa na shida fulani, na shida yao ndiyo inayolipa neno uzito. Mtu akipokea ahadi bila kuonyeshwa ilitolewa katika hali gani, ataipima kwa hali yake ya leo peke yake, na mambo yakienda kombo mchana ataona ahadi imemwangusha. Akionyeshwa kwamba walioipokea kwanza walikuwa na hali nzito kuliko yake, ahadi hiyohiyo inapata pa kusimama.

Mstari mmoja, tangu mwanzo

Tuchukue Yeremia 29:11, mstari unaopendwa sana pale tunapozungumzia kusudi la maisha. Katika Biblia ya Muungano unasomeka hivi: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho."

Kabla ya kuandika chochote, soma sura yote pamoja na iliyotangulia. Itakuchukua kama robo saa. Sura ya 29 ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu. Wanaoandikiwa wako Babeli, walikochukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK. Hata waliobeba barua wametajwa: Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Sura ya 28 nayo inamleta nabii Hanania, aliyesimama hekaluni akatangaza kwamba katika muda wa miaka 2 vyombo vya hekalu na mateka wote watakuwa wamerudi. Akaitwaa nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja mbele ya watu. Fikiria jinsi tangazo lile lilivyopendeza masikioni. Mwaka huohuo, mwezi wa saba, Hanania akafa, na mateka walikuwa bado Babeli.

Kisha angalia viambishi. Hapa Kiswahili kinatupa msaada ambao mara nyingi tunaupita bila kuutumia. "Ninayowawazia ninyi": ahadi ni ya watu wengi kwa pamoja. Linganisha na Yoshua 1:9, "uwe hodari na moyo wa ushujaa", ambapo anayeambiwa ni mtu mmoja, Yoshua, siku chache tu kabla ya kuuvuka Yordani. Linganisha tena na Wafilipi 2:12, "utimizeni wokovu wenu wenyewe". Ile -ni ya mwisho inakuonyesha kanisa zima limesimama mbele ya Paulo. Ukikutana na wingi wa namna hii, usimwandikie msomaji kana kwamba ameahidiwa peke yake. Mwandikie kama mmoja wa kundi lililoahidiwa. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mtu anayeamini kwamba ahadi ni yake binafsi huona aibu inapochelewa, naye hujificha. Anayejua kwamba anasubiri pamoja na wengine huuliza wenzake wanasubirije.

Baada ya hapo tafuta amri zilizo karibu na ahadi. Hapa ziko katika mistari ya 5 hadi 7: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, utakieni amani mji mliochukuliwa mateka, mkauombee. Mstari wa 10 unataja muda: miaka 70. Piga hesabu. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 40 barua ilipofika hakuwa na matarajio ya kuiona Yerusalemu tena. Aliambiwa apande miti ugenini. Yale mawazo ya amani ya mstari wa 11 yalimfikia mtu huyo, akiwa na jembe mkononi.

Je, tuache kuutuma? Hapana, mimi nautuma. Ninachokataa ni kuutuma kama alivyosema Hanania. Ukimwambia mtu "Mungu anakuwazia mema, mwezi huu hauishi bila jibu lako", umeshika maneno ya Yeremia kwa sauti ya Hanania. Ujumbe unaochukua anwani yake unaweza kuwa hivi:

"Yeremia 29:4–11. Waliopokea maneno haya walikuwa mateka Babeli, na kati yao walikuwapo manabii waliowatabiria uongo. Mungu akawaandikia kwamba kurudi kungekuwa baada ya miaka 70. Akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji ule. Katikati ya habari hiyo nzito ndipo aliposema anawawazia mawazo ya amani. Huenda nawe unasubiri jambo lililokwisha kupita tarehe uliyoiweka. Mungu hakuahidi tarehe hiyo. Ameahidi kutowaacha watu wake. Leo chagua jambo moja uliloliahirisha ukisema 'mambo yakikaa sawa', ulianze hapohapo ulipo kabla ya jioni. Bwana, nifundishe kupanda mahali ambapo sikupachagua. Amina."

Yote hayo hayafiki maneno 100. Ninashauri ubaki kati ya 80 na 130, kwa sababu msomaji wako anasoma akiwa amesimama, ana mtoto wa kumvisha au safari ya kuwahi. Zaidi ya hapo ataahidi kuumalizia baadaye, na baadaye haifiki. Angalia pia viungo vya ujumbe wenyewe. Nusu ya kwanza ni anwani: nani, wapi, baada ya nini. Sentensi mbili au tatu zinamgusa msomaji bila kudai kwamba unamjua. Kuna tendo moja lenye mpaka wa saa, na sala ya sentensi moja ambayo mtu anaweza kuikariri njiani. Tendo likiwa halina mpaka ("mtumaini Mungu zaidi") halifanyiki, maana mtu hajui lini amelimaliza. Na usiandike kamwe "tuma kwa watu kumi upokee muujiza wako". Huko ni kuwatia watu hofu kwa jina la Bwana, na wanaoumia zaidi ni wale wenye imani changa.

Kusudi ni la nani

Neno "kusudi" limetumika mno hivi kwamba watu wengi wanaliogopa. Wanaambiwa kila mmoja ana kusudi kubwa lililofichwa, alitafute, na asipolipata maisha yake hayajaanza. Mtu anayefua nguo za mgonjwa kila siku husoma hayo akajiona yuko kwenye chumba cha kusubiria.

Rudi kwenye maandishi. Warumi 8:28 inazungumza juu ya walioitwa "kwa kusudi lake". Lake, la Mungu. Mstari wa 29 unaeleza mema yenyewe ni yapi: tufananishwe na mfano wa Mwana wake. Kwa hiyo ukituma 8:28 bila 8:29, msomaji atajaza neno "mema" kwa chochote anachokitamani asubuhi hiyo. Tuma yote miwili, daima. Na Matendo 13:36 inaposema habari za Daudi, inasema alilitumikia shauri la Mungu katika kizazi chake, akalala. Kizazi kimoja, kisha akalala. Mstari huo unapumzisha.

Ukitaka mifano, waache kwa muda Musa na Daudi. Mchukue Tertio, ambaye jina lake limo kwenye Warumi 16:22 kwa sababu ndiye aliyeushika waraka kwa mkono na kuuandika Paulo akisema. Au Besaleli wa Kutoka 31: Mungu anasema amemjaza roho yake ili abuni kazi za dhahabu, fedha na shaba, akate vito, achonge miti. Mtu wa mikono anaposoma kwamba Roho wa Mungu alimjaza fundi kwa ajili ya kazi ya fundi, kazi yake ya siku hiyo inabadilika akiwa bado hajaondoka nyumbani.

Kwanza mjue unayemwandikia

1 Wathesalonike 5:14 ina mafunzo yote ya mshauri katika mstari mmoja. Paulo anagawa watu: wasiokaa kwa utaratibu waonywe, walio dhaifu moyoni watiwe moyo, wanyonge watiwe nguvu, na wote wavumiliwe. Makosa makubwa ya jumbe za kila siku hutokea hapa. Anayehitaji kutiwa moyo anapewa onyo ("amka, acha uvivu wa kiroho"), na anayehitaji onyo anapewa faraja.

Kundi la watu 60 lina aina zote hizo kwa siku moja. Hutaweza kumlenga kila mmoja, lakini unaweza kuzungusha. Katika siku tano, mimi hutenga tatu kwa waliochoka, moja kwa wanaohitaji kusukumwa, na moja kwa wanaoongoza wengine. Wanaochoka wana sehemu kubwa kwa sababu hawasemi. Anayehitaji onyo la pekee usimwonye mbele ya kundi kwa kificho cha tafakari. Mathayo 18:15 inasema umwendee, wewe na yeye peke yenu. Watu hutambua mara moja ujumbe wa jumla uliopigwa kwa mtu mmoja, na baada ya hapo kila asubuhi watakuwa wanajiuliza ni zamu ya nani.

Uvumilivu: jifunze kwa Eliya kabla ya kuandika

Sehemu hii naomba uisome taratibu, maana hapa ndipo tunapowaumiza watu tukidhani tunawajenga.

Sura ya 18 ya 1 Wafalme inaishia kwa ushindi wa Karmeli na mvua. Sura ya 19 inaanza na vitisho vya Yezebeli, na Eliya anakimbia. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amtwae. Sasa fuatilia kwa mpangilio kile Mungu alichofanya. Eliya alilala. Malaika akamgusa, akamwambia inuka ule. Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamgusa, akamwambia ale kwa kuwa safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Kwa nguvu za chakula hicho akaenda siku 40 mchana na usiku hadi Horebu. Huko ndiko Mungu alikomwuliza, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Akamsikiliza. Upepo, tetemeko na moto vikapita, ikaja sauti ndogo ya utulivu. Akamwuliza swali lilelile tena, akamsikiliza tena, na Eliya akajibu vilevile kama mwanzo. Ni baada ya hayo yote ndipo alipopewa kazi: awatie mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha. Na mwisho kabisa akaambiwa kwamba wamesalia watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti.

Tazama ni nini kilikuja mwisho. Takwimu ya kumtia moyo, ile ya 7,000, ambayo wengi wetu tungeituma saa ya kwanza pale chini ya mti, Mungu aliishikilia mpaka mtu alipokuwa amelala mara mbili, amekula mara mbili, ametembea, ameulizwa na kusikilizwa mara mbili. Na katika yote hakukemewa kwa kutaka kufa.

Basi, unapomwandikia mtu aliyechoka, fuata utaratibu huo. Siku mbili za kwanza usimpe jukumu lolote. Tendo la siku liwe la mwili: ale mlo mmoja ameketi, alale saa moja mapema, anywe maji, aombe ruhusa ya mapumziko. Wengine wataona si la kiroho. Malaika wa Bwana ndiye aliyeanza nalo. Siku ya tatu, uliza swali badala ya kutoa jibu. Kazi na takwimu zifuate baadaye, na zifuate pamoja na mwenzake: Elisha alikuja katika maisha ya Eliya kwa sababu Mungu hakumrudisha kazini peke yake.

Jambo la pili kuhusu uvumilivu ni zito zaidi. Ujumbe wa "vumilia, Mungu anaona" unasomwa pia na mtu anayepigwa nyumbani, na mtu anayedhulumiwa na mkubwa wake. Saburi ya Warumi 5:3–5, inayozaa uthabiti wa moyo na tumaini, ni saburi katika dhiki. Haimkatazi mtu kutoka kwenye hatari. Daudi alipotupiwa mkuki na Sauli aliukwepa, akakimbia usiku uleule (1 Samweli 19:10). Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu (Matendo 9:25). Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wakifukuzwa mji huu wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23). Kila mara ninapoandika kuhusu kuvumilia, naongeza sentensi moja: kama unaumizwa, kutoka na kuomba msaada hakupingani na imani. Inachukua maneno machache, na huwezi kujua ni nani aliyekuwa akiisubiri.

Kwa Yusufu, hesabu miaka na uiandike. Alikuwa na miaka 17 tunapokutana naye katika Mwanzo 37, na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao katika sura ya 41. Kumi na mitatu katikati, na miwili mizima kati ya hiyo ilipita baada ya mnyweshaji kutoka gerezani na kumsahau. Msomaji akiiona 13 kwa macho yake, hutakuwa na haja ya kumwambia "msimu wako umefika". Wewe hujui kama umefika.

Wafilipi 4:13 nayo inahitaji jirani yake. "Nayaweza mambo yote" yaliyotajwa ni yale ya mstari wa 12: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Paulo aliandika akiwa kifungoni. Ukiutuma kwa mwanafunzi siku ya mtihani, mwambie pia kwamba Paulo alikuwa anasema ana nguvu za kupungukiwa. Akifeli, mstari huo utakuwa bado wake.

Kwa wanaoongoza

Viongozi hupokea maneno mengi ya sifa na machache ya maswali. Kwa hiyo siku ya viongozi naiandika kwa umbo la swali lenye kipimo. Nehemia 5 inafaa sana, kwa sababu ina hesabu. Nehemia alikuwa liwali kwa miaka 12, tangu mwaka wa 20 hadi wa 32 wa mfalme Artashasta, na katika muda huo hakula posho ya liwali, ingawa waliomtangulia waliwatoza watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha. Mezani pake walikula Wayahudi na maofisa 150, mbali na wageni. Kwa siku moja alitayarisha ng'ombe 1, kondoo wazuri 6, na kuku. Tena yeye na watumishi wake waliishika kazi ya ukuta, na hawakununua shamba.

Swali la ujumbe linatoka humohumo: katika nafasi uliyo nayo, kuna haki gani unayoruhusiwa kuidai ambayo leo ukiiacha wengine watapumua? Liandike jibu, lenye jina la mtu atakayepumua. Usimwandikie kiongozi "uwe na moyo wa utumishi". Atakubali kwa kichwa na kuendelea na shughuli zake.

Kutoka 18 ni kwa kiongozi anayebeba yote. Musa aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na mkwewe Yethro akamwambia kwamba atachoka yeye pamoja na watu wake. Wengi hunukuu sehemu ya kugawa kazi, wakaacha sifa za wa kugawiwa: wenye uwezo, wamchao Mungu, wa kweli, wanaochukia faida ya dhuluma. Na wakaacha ngazi: maelfu, mamia, hamsini, makumi. Ngazi ya kumi ndiyo inayosahaulika kila mahali. Kama kundi lako lina watu 60 na neno linatumwa na mtu mmoja, tafuta sita wa kusimama na kumi kumi. Neno litumwe na mmoja. Kuulizana hali ya jioni kufanyike kwenye makumi.

Ratiba, saa na ukaguzi

Usiandae neno alfajiri ileile. Utaandika kwa uchovu wako, na kundi zima litaupokea. Tenga saa mbili au tatu mara moja kwa wiki, andika yote matano, kisha kila usiku upitie la kesho kwa dakika kumi na kurekebisha kama kuna msiba au habari nzito. Ninapendelea kitabu kimoja kifuatwe badala ya kurukaruka. Wafilipi ina sura 4 na mistari 104. Ukichukua mistari mitano kwa siku, siku tano kwa wiki, utaumaliza waraka kwa wiki nne na siku moja, na anwani uliyoieleza siku ya kwanza itakutumikia mpaka mwisho. Siku mbili za kimya kwa wiki hazipunguzi chochote. Zinawapa watu nafasi ya kufungua Biblia wenyewe.

Kuhusu saa, Mithali 27:14 inasema ambarikiye rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri na mapema, itahesabiwa kwake kuwa laana. Chagua saa moja isiyoamsha watu, ishike kila siku, na usitume sauti ya dakika saba pale ambapo maandishi ya dakika moja yangetosha.

Kabla ya kutuma, usome ujumbe kwa sauti. Ukikata pumzi katikati ya sentensi, ikate sentensi. Fungua Biblia ya karatasi uhakikishe sura na mstari, maana namba moja ikikosewa, watu 60 watafungua mahali pasipo. Na kagua misemo. "Jisaidie nami nitakusaidia" haimo ndani ya Biblia, hata ikinukuliwa na wazee. "Mungu hakupi mzigo unaokuzidi" nayo huhusishwa na 1 Wakorintho 10:13, lakini mstari ule unahusu majaribu na mlango wa kutokea, tena uko katika wingi. Paulo mwenyewe katika 2 Wakorintho 1:8 anasema walilemewa kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi.

Ziko siku ambazo neno halipaswi kuishia kwa furaha. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na iliachwa hivyo. Maombolezo 3:22–23, pale rehema zinaposemwa kuwa mpya kila siku asubuhi, iko katikati ya kitabu cha mji ulioteketea, na kitabu chenyewe kinafungwa kwa kilio. Wiki ya msiba, tuma Zaburi ya 88 yote, bila maelezo, na sentensi moja: tuko pamoja nanyi. Mithali 25:20 inamlinganisha amwimbiaye nyimbo mtu mwenye huzuni na avuaye nguo wakati wa baridi. Usimvue mtu nguo.

Majibu yanayorudi

"Amina" thelathini hazikuambii kitu. Jibu la kulitazama ni la mtu anayekuandikia pembeni, mara nyingi usiku: "Leo sikuweza kuamini haya." Usimjibu kwa mstari mwingine. Mwulize kilichotokea, kisha unyamaze asome kwamba unasubiri. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hayo ndiyo mema waliyomfanyia. Lawama zilianza walipofungua vinywa.

Akikuandikia kwamba amechoka kuishi, liamini neno lake. Piga simu saa hiyohiyo, uliza wazi kama anafikiria kujidhuru na yuko na nani. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, mpate ndugu au jirani wa kuwa naye mpaka ufike, na mfikishe kwa daktari kama ambavyo ungemfikisha mwenye homa kali. Maombi yaende pamoja na hayo, na asiulizwe habari za imani yake usiku huo. Apate chakula, apate usingizi. Asubuhi yake neno la kundi litumwe kama kawaida, fupi, lililoandaliwa tangu mwanzo wa wiki, na lisiguse habari zake hata kwa fumbo.